Mahindi ya Kuku Katika Chumba cha Nyuma

Mahindi yaliyoanza kuota yana harufu tamu kidogo, yenye ubichi wa udongo hata pale ambapo udongo haupo. Nikiisikia leo narudi Kindu, nyumbani kwa baba, msimu ule wa mvua ambao misafara ya watu wenye njaa ilipita mfululizo kuelekea mtoni, na kuku aliyeachwa nje asubuhi, jioni hakuonekana. Mama akawafungia kuku wetu chumba cha nyuma. Walikula pumba na chenga za mchele, lakini kwa kukosa majani mabichi manyoya yalifubaa na mayai yakakoma. Basi mama akaloweka mahindi, akayatandaza kwenye ungo juu ya majani ya mgomba, akayafunika kuku wasiyadonoe na kuyanyunyizia maji, ili yachipue humo humo ndani na kuku wapate kijani. Nilikuwa mdogo, na huenda mengine nayachanganya. Mizizi ile myeupe, iliyofumana kama kitambaa, naiona mpaka sasa.

Bibi, mama yake baba, aliijua harufu ile kwa jina lake jingine: kimea. Ndivyo wanavyoanza wapika pombe. Huotesha mahindi, kisha huyaanika na kuyasaga. Sisi tulikuwa watu wa msikiti, na mama alitoka kijiji cha msituni upande wa Punia, ambako pombe haikuwa aibu. Sitaki kumsingizia bibi ubaya. Mtaani kwetu mwanamke mmoja alikuwa amerudishwa kwao kwa jambo hilo hilo la pombe, na watoto wake wakabaki. Nadhani bibi aliogopa kama alivyoogopa mama, kila mmoja kwa upande wake.

Alimwita baba, akafunua ungo mbele yake. Kwa bahati mbaya siku hiyo mahindi yalikuwa na vimizizi tu, kimea kitupu kwa yeyote mwenye macho.

“Mama, hii iko chakula ya kuku,” mama alimwambia bibi polepole. “Kimea wanaianika ikiwa mizizi tu, mbele ya majani kutoka. Munipe siku kidogo, itatoka majani, mutaona.”

“Majani,” alisema bibi. “Tangu lini kuku akawa mbuzi?”

Baba alicheka, akaona anacheka peke yake. Kisha akamwambia bibi, “Mama, nyumba ni yako. Sema wewe.”

Nilimshika mama nguo, maana nilielewa kwamba akiondoka mimi nitabaki. Bibi alimpa mama siku alizoomba. Kisha akatandika mkeka wake mlangoni pa chumba cha nyuma, akakaa na tasbihi yake. Alitaka pasiwe na mtu wa kuyatoa mahindi kwenda kuyaanika. Mama naye akajizuia kuingia, asije akasemwa kwamba amefanya ujanja, na kazi ya kunyunyizia maji akanipa mimi. Nilikuwa na wasiwasi: maji yakizidi mahindi yataoza, yakipungua yatakauka, na mama hakuniuliza kitu niliporudi. Alitwanga mpunga wake na kumpelekea bibi chakula pale pale mkekani, akipiga goti, kama siku zote. Utulivu ule nimeutafuta ndani yangu miaka mingi, na sina hakika kama nimewahi kuupata.

Asubuhi moja bibi alifunua mwenyewe. Majani yalikuwa yamesimama, membamba, ya kijani hafifu, kama mpunga mchanga. Aliyapitishia kiganja.

“Nyasi,” alisema. “Mgongo wangu wote huu unauma, kumbe nalinda nyasi.” Akamgeukia mama. “Haya, mwali, wape kuku wako, wana njaa.”

Hakuomba radhi, na mama hakungoja aombe. Kuku walizivuta zile nyasi pamoja na mizizi yake, na baada ya muda wakataga tena.

Sasa kuku wanatembea uani bila hofu, na hakuna anayehangaika kuwaoteshea majani ndani. Mama nampenda kwa akili yake. Lakini kadiri ninavyozeeka, bibi naye namheshimu zaidi, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kumfukuza mama siku ile ile, akangoja. Siku hizi neno baya juu ya mke wa mtu likifika asubuhi, kabla ya adhuhuri mizigo yake imefungwa. Mimi nami nina mke wa mwanangu nyumbani, na watu huniletea maneno juu yake. Sijui kama ningekaa mkekani kiasi kile. Najua tu kwamba bibi alikaa, na mimi nikalelewa na mama yangu.