Onyo Nililolifuta

Daktari wa Mwanza aliponiambia kwamba nitapasuliwa macho yote mawili, moja baada ya jingine, na kwamba nisiguse kompyuta kwa muda wa miezi sita, sikuwaza macho. Niliwaza vifurushi vyangu vitatu.

Inabidi nieleze, maana hata mama mkwe alidhani nauza vifurushi vya intaneti. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nakaa Turwa, hapa Tarime, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika vipande vya programu na kuviachia bure. Yeyote duniani anakichukua kimoja, anakipachika kwenye kazi yake, na kikimsumbua ananiandikia mimi. Silipwi. Ila nilipenda sifa, hilo niliseme mapema. Mtu wa nchi nisiyoweza kuionyesha kwenye ramani akiniandikia asante, nilikwenda sokoni kifua mbele.

Kifurushi cha kwanza kilipanga ratiba za vipindi. Cha pili kilichora grafu. Cha tatu ndicho kilichonipa jina, kwa sababu kilisafisha orodha za watu. Mtu akiandikwa mara mbili, kilimtambua kwa jina, kijiji na mwaka wa kuzaliwa, kikabakiza rekodi moja na kufuta nyingine kimya kimya. Mgeni anaweza kuiita hiyo akili. Mtu wa Mara kama mimi alipaswa kucheka. Kwetu majina yanarithiwa kutoka kwa babu na bibi, yanazunguka humo humo, hata kijiji kimoja kinakuwa na wanawake wanne wenye jina langu na la baba yangu. Na wazee wengi hawaujui mwaka waliozaliwa, kwa hiyo karani anakadiria, na wengi anawapa mwaka uleule.

Nililijua kosa hilo. Nilikijaribu kwa orodha ya kijiji chetu, kikameza watu sita walio hai. Siku hiyo niliandika onyo kwenye ukurasa wa maelezo: msitumie kwenye orodha ambamo watu wanafanana majina. Wiki chache baadaye watu wa mbali wakaanza kukisifia kifurushi, na lile onyo likawa linanichoma kila nikiliona. Nikalifuta. Nilijiambia nitalirekebisha kosa lenyewe likizo ikifika. Zimepita likizo nyingi.

Wa kumkabidhi alikuwa mmoja tu. Mzaliwa wa Busawe, karani wa zahanati moja ya kijijini huko Serengeti, dada mpole aliyekuwa akinitumia masahihisho kwa mwaka mzima bila kuchoka. Alikuja Tarime kwa basi la asubuhi, tukakaa kwenye mgahawa wa Bomani, akatoa daftari.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mdogo wangu. Agiza chapati kwanza, kazi haikimbii."

Baba yangu alikuwa mfugaji, na kila alipowekesha ng'ombe kwa mtu alimpeleka mwenyewe hadi zizini, akataja ubaya wake mbele ya watu. Huyu anaruka uzio. Huyu anapiga teke ukimkamua upande wa kulia. Uzuri hakuutaja, alisema kila mwenye macho atauona. Kumficha mwenzako ubaya wa mnyama unayemwachia ilikuwa aibu ambayo hata watoto wako wangesemwa nayo.

Basi nikafanya kama baba. Cha kwanza, nikamwambia, kinachanganyikiwa shule ikiwa na mikondo mingi. Cha pili kinakataa namba hasi, usikilazimishe. Alicheka, akaandika yote.

"Na cha tatu?"

Nilikunywa chai. Ningesema sentensi moja tu. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiniambia kwamba kifurushi kile kilimfanya aamini kuwa hata mtu wa huku anaweza, na sikutaka aone nilivyo.

"Hicho hakina shida," nikasema. "Hicho kimekomaa."

Akaandika hivyo hivyo.

Niliporudi Mwanza kwa jicho la pili, niliambiwa, kama kwa lile la kwanza, nilale kifudifudi siku nyingi ili lipone. Mume wangu alikuwa ananisomea ujumbe kutoka kwenye simu. Siku moja mchana akasema kuna tangazo kwenye ukurasa wa vifurushi, limewekwa na yule dada. Akaanza kusoma.

Alikuwa amesafisha orodha ya wagonjwa wa presha wa zahanati yao. Kulikuwa na bibi wawili wa jina moja, kijiji kimoja, mwaka mmoja wa kukadiriwa. Kifurushi kikambakiza mmoja. Yule mwingine alifuata dawa zake miezi miwili mfululizo, akaambiwa zimeshachukuliwa, akarudi nyumbani mikono mitupu. Kisha akaanguka shambani, na upande wake wa kulia ukapooza. Bibi huyo alikuwa jirani wa nyumbani kwao. Sasa watu wa nyumba ya bibi hawaitikii salamu za yule dada.

"Niliipokea kazi hii bila kuielewa," mume wangu alisoma. "Kosa ni langu. Aliyenikabidhi asilaumiwe."

Akazima simu. "Huyu binti ana heshima sana," akasema.

Uso wangu ulikuwa ndani ya mto. Nilimshukuru Mungu kwamba hauonekani, na hapo hapo nikaona haya kwa shukrani ile.

Nilipona. Nilirudi Turwa, nikaruhusiwa kusoma, nikaruhusiwa kompyuta. Kila jioni niliufungua ukurasa ule, nikaandika kwamba nililijua kosa, kisha nikafuta. Nilikuwa na visingizio vya kila aina: kesho nitaandika vizuri zaidi, mitihani inakaribia, ameshasamehewa huko kwao. Darasani niliwafokea watoto kwa kukosea ishara ya kutoa. Nilijichukia, na bado niliendelea kula na kulala.

Mwezi wa sita shule zilipofungwa, ndipo nilipokwenda kwake Serengeti, na sukari na kitenge, kana kwamba nakwenda kushukuru. Alinipokea vizuri mno. Aliniwekea kiti chenye mto, akauliza habari za macho, akaleta chai. Nilishindwa kuinywa.

"Mdogo wangu," nikasema, "kile kifurushi cha tatu..."

"Najua, mwalimu."

Alisema bila hasira yoyote, na ningefurahi kama angepiga kelele. Siku bibi alipoanguka, yeye karani alirudi nyuma kwenye historia ya kifurushi, ambako kila mstari ulioandikwa na kila uliofutwa unabaki na jina la mhusika. Alilikuta onyo langu. Alikuta na siku niliyolifuta.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Ungejisafisha."

"Ulikuwa umelala kifudifudi, mwalimu. Nilisema, mtu haoni, nimvamie? Akipona ataandika mwenyewe, na mimi nitawaonyesha nyumbani." Akanisogezea kikombe. "Ulipona lini?"

Ningeweza kudanganya. Hakuna historia inayotunza hilo.

"Mwezi wa pili."

Alihesabu taratibu kwa kidole gumba, kifundo kimoja hadi kingine, kama wanavyohesabu wanafunzi wangu wanaoogopa kukosea.

"Bibi alizikwa mwezi wa nne," akasema. "Waliniambia nisifike."