Mama Alikuwa Akiwaimbia Wanaonipigia

Nilinunua sauti ya mama yangu nikiwa nimekaa juu ya gunia la dagaa pale sokoni Mwandiga, na haikuchukua hata siku mbili nikagundua kwamba kila mtu anaweza kuisikia isipokuwa mimi.

Ilikuwa hivi. Kampuni ya simu ilikuwa na orodha ya nyimbo za miito, zile ambazo anayekupigia huzisikia badala ya mlio wa kawaida mpaka upokee. Binti aliyekuwa akiuza vocha mbele ya kibanda changu alinifungulia orodha hiyo ili nichague wimbo wa kunipamba kwa wateja. Akapita za mapenzi, akapita kaswida, akafika kwenye kwaya, akabonyeza mmoja wa kuonja. Nikasikia mama anaanza kuimba. Mama alikuwa amekwisha kufa miaka mingi, na kile kipande kilikatika kabla hajavuta pumzi ya pili.

"Lipia," nikamwambia yule binti. "Lipia sasa hivi."

Jioni nikautafuta wimbo wangu. Nilifungua mahali pa muziki, mahali pa picha, mpaka kwenye ujumbe. Hakuna kitu. Kesho yake binti wa vocha akanicheka mpaka akashika kiuno. "Mama, ule haukai kwenye simu yako. Unakaa kwao. Umewanunulia wanaokupigia."

Basi nikawa naazima simu za watu. Nailaza yangu mapajani, najipigia kwa ya mwenzangu, naacha iite, nasikiliza. Mama anaimba ubeti mmoja na nusu, halafu mwanamke mwingine wa kwenye mtambo ananiambia mtu ninayempigia hapatikani. Kana kwamba mimi sijui.

Wateja wakaanza kunitesa bila kujua. Mzee mmoja wa Kalinzi, mkulima wa kahawa aliyekuwa akichukua dagaa wangu kwa ajili ya vibarua wake, alinigombeza: "Mbona unapokea haraka hivyo? Niache kidogo, kiitikio kilikuwa bado." Mwingine akaniambia mama yule anaimba kama mtu anayejua utamu wa Mungu. Niliitikia asante huku nimeuma meno. Mimi ndiye mwenye mama, mimi ndiye ninayelipa, halafu mzee wa Kalinzi anaelekea kulala na sauti yake masikioni. Nilimwonea wivu mzee wa watu mpaka nikampunguzia kipimo. Mungu anisamehe.

Fundi simu wa jirani, kijana mpole, alinipa ushauri. "Tujipigie kwa simu moja, turekodi kwa nyingine. Hautakuwa safi sana, lakini utakuwa wako." Nikamtazama kwa dharau. Nikamwambia mimi si mwizi. Nimenunua kitu changu, nikakiibe cha nini tena? Maneno yale huwa nayakumbuka hata nikiwa napepeta mchele.

Lakini wivu wangu juu ya sauti ile haukuanza na simu. Ulianza nikiwa mtoto, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka kwenye maboti kutoka Burundi. Asubuhi moja mama alikwenda ufukweni Katonga kuchukua dagaa, akarudi na beseni la dagaa kichwani na mwanamke nyuma yake. Mwanamke hakuwa na kitu zaidi ya kifurushi kimoja. Mama akaniambia, "Huyu ni mama yako mdogo. Msalimie."

Sikumsalimia. Niliendelea kumwita "yule wa ng'ambo" mpaka alipoondoka, na hata baada ya hapo. Alilala kwenye mkeka wangu, upande wangu, ubavuni kwa mama. Kiha chetu na Kirundi chao vinasikilizana, kwa hiyo wawili wale waliongea na kucheka tangu kuchambua dagaa mpaka kuzima kibatari, mimi nimekaa pembeni nimevimba kama chura. Kisha mama akampeleka kwaya. Mama alikuwa sauti ya kwanza. Yule akaingia sauti ya pili, na mama ambaye siku zote alikuwa akiimba macho kwa mwalimu wa kwaya, akaanza kuimba macho kwake.

Akaja bwana mmoja na mashine ya kurekodi. Mwalimu wa kwaya akatia sahihi karatasi fulani ambayo hakuna aliyeisoma, maana tulidhani karatasi ni heshima tu ya wageni wa mjini. Kila mwanakwaya akapewa kanda moja. Mama alipofika nyumbani alichukua ncha ya kisu akavunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda. Vikishavunjwa, redio haikubali tena kurekodi juu yake. "Hii haifutiki," akasema.

Lakini watoto wote wa enzi zile tulijua dawa yake. Unakunja karatasi, unaziba kitundu, redio inadanganyika. Siku moja mama na mgeni wake walipokwenda mazoezini, nikaiweka ile kanda. Mama akaanza, vizuri, peke yake. Nikatulia. Kisha sauti ya pili ikaingia, ikajibanza ubavuni mwa mama vilevile kama kwenye mkeka wangu. Nikaitoa kanda, nikaziba vitundu vyote viwili kwa karatasi ya daftari, nikabonyeza kitufe chekundu. Nikarekodi muziki wa dansi uliokuwa ukipigwa redioni, upande wa kwanza wote, na upande wa pili nikarekodi chochote kilichokuwapo. Nilikuwa nataka kumfuta yule. Kwa akili ya mtoto sikuona kwamba wanakwenda wote wawili.

Mama alipokuja kuiweka, aliusikiliza ule muziki wa dansi mpaka mwisho. Akaitoa kanda, akaitazama, akaiweka kabatini. "Kanda za siku hizi hazidumu," akasema, akaenda kuwasha moto. Nikajisifu moyoni kwamba nimempiga chenga. Karatasi ya daftari nilikuwa nimeisahau palepale kwenye kitundu.

Yule wa ng'ambo alihamishiwa kambini pamoja na wenzake, na kwao kulipotulia akarudi Burundi. Mama alifariki yeye akiwa huko. Kulipochafuka tena, nikasikia kwa watu wa gulio kwamba amekimbia mara ya pili, yuko kambini. Alinitumia salamu mara mbili. Sikuzijibu. Alikuwa amemnywa mama yangu wa miaka ile, miaka ambayo mimi nilikuwa na kiu, na kanda yake bila shaka alikuwa nayo. Kila nilipofikiria kwamba yule mkimbizi ana mama na mimi mwenye nyumba sina, nilisukuma sahani pembeni.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini mwito wa simu ulikuwa kwangu jambo kubwa. Ulikuwa njia ya kumpata mama bila kumwangukia yule mwanamke.

Kulikuwa na namba moja iliyokuwa ikinisumbua. Kila mchana, jua likiwa utosini, inaita, inaita, nikiinyanyua inakatika. Nikipiga sipokelewi. Nilidhani ni mhuni. Nikaiandika kwenye simu kwa jina la "Msumbufu" nikaacha iite.

Halafu siku moja mzee wa Kalinzi akanipigia akiwa amenuna. "Umeubadilisha kwa nini? Siku hizi napiga nasikia tii, tii."

Nikaazima simu nikajipigia. Tii, tii. Nikapiga kwa kampuni, nikasubiri mpaka sikio likapata moto. Akapokea kijana mwenye sauti laini. Akaniambia wimbo umeondolewa kwenye orodha, mwenye haki zake haruhusu tena utumike.

"Mwenye haki zake ndiye nani?"

"Kampuni iliyonunua kazi hizo kutoka kwa aliyezirekodi, mama."

"Anayeimba humo ni mama yangu mzazi."

"Pole sana. Lakini ulicholipia wewe ni ruhusa ya kuutumia, sio wimbo wenyewe. Kwa sasa tunaweza kukupatia mwingine wa kwaya, mzuri sana."

"Kwa hiyo unataka unipe mama mwingine?"

"Kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

Akufukuzaye hakwambii toka. Nilikata simu nikalia palepale juu ya magunia, wateja wananitazama. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nami nilikuwa nimejitapa nayo sokoni, na kumtukana fundi aliyenishauri. Mara ya kwanza nilimfuta mama kwa wivu. Mara ya pili nilimpoteza kwa kiburi.

Kesho yake mchana, Msumbufu akapiga. Nilipokea nikiwa na matusi tayari mdomoni, lakini safari hii simu haikukatwa. Mtu alikuwa akipumua. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima ikaniuliza:

"Mama yako umempeleka wapi?"

Nikamjua kabla hajataja kitu. Ile *r* yake ya Kirundi ilikuwa haijabadilika. Alikuwa ameipata namba yangu kwa wachuuzi, akapiga ili anisalimie, akamkuta mama anaimba. Tangu siku hiyo akawa anapiga kila mchana kumsikiliza, na anakata nikipokea.

"Nilihofia utanikatalia," akasema.

Mwezi baada ya mwezi nimelipia, na msikilizaji mkubwa alikuwa ni yeye! Nilitaka kumwambia neno baya. Badala yake nikamuuliza swali nililokuwa nimelimeza tangu utoto. "Kanda unayo?"

"Ego," akaitikia. "Ninayo. Ila redio sina."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku ya gulio karibu na kambi, tuliyokubaliana kwenye simu, nilipanga dagaa wangu kama wafanyabiashara wengine, nikasubiri. Akaja amezeeka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kipande cha kitenge. Alifungua kitenge, akafungua sponji ya godoro, akafungua mfuko wa plastiki. Ikatokea kanda.

"Nimerudi nayo nyumbani, nimekimbia nayo tena," akasema. "Nimeacha nyumba, nimeacha mbuzi. Hii sikuiacha."

Na mimi sijawahi kuhama hata siku moja. Ya kwetu ilipotelea kabatini.

"Uniazime tu," nikasema bila kumtazama. "Nitairudisha."

"Nikuazime nini, mwana wanje, mwanangu? Hii ni yako." Aliiweka mkononi mwangu. "Ya kwenu ilipofutwa, nilimpa mama yako hii yangu. Akaikataa. Alisema, 'Nikikaa nayo ataifuta tena. Mtunzie wewe. Siku akiitaka atakufuata mwenyewe.'"

"Alijua kuwa ni mimi?"

Akacheka bila sauti, bega linatikisika. "Si uliacha karatasi yako ya shule kwenye kitundu. Yenye hesabu zako. Alinionyesha. Tulicheka sana siku ile, halafu akalia."

Mtu mwingine pengine angeshukuru. Mimi kitu cha kwanza kilichonipanda ni wivu uleule, mbichi. Mama alikuwa na siri juu yangu, akaenda kumwambia yeye, wakaicheka wawili, akaililia mbele yake. Mimi alinipa uongo wa kanda zisizodumu, akaenda kuwasha moto.

Fundi wa redio pale gulioni alikuwa na redio kaseti kuukuu, ya kujaribia vyombo vya watu. Tukakaa kwenye benchi lake. Nilipapasa mgongo wa kanda: vitundu viwili, vyote wazi. Nikaiweka, nikabonyeza.

Mama akaanza. Safari hii hakuna aliyemkatiza kwenye pumzi ya pili. Pembeni yangu yule mwanamke akaanza kuguna ule wimbo chinichini, macho amefumba.

"Mama mdogo," nikamwambia, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo. "Nyamaza kidogo. Nimsikie mama."

Akanyamaza. Mama akaimba peke yake mpaka mwisho wa ubeti. Ndipo sauti ya pili ikaingia ndani ya kanda, yake, ya ujana, ikaegemea ubavuni mwa mama palepale ilipokuwa ikiegemea zamani. Niliona kwamba kidole changu kilikuwa bado kiko juu ya vitufe vya redio, karibu na kile chekundu. Nikakiondoa, nikakiweka mapajani.