Koti Langu Mnadani

Redio yangu ya mtandaoni hapa Njombe hupiga nyimbo za kwetu tu, lakini kwaya anayoifundisha mke wangu ilikataa kurekodiwa. Jumapili ya mavuno nikaiacha simu ikirekodi ndani ya koti, nikalitundika karibu na waimbaji. Baada ya ibada, mzee wa kanisa akalichukua akidhani ni sadaka, akalinadi pamoja na viazi na kuku. Kusema ni langu sikuthubutu, nikabaki kupandisha bei, na koti lenyewe limetoboka viwiko.

"Mfukoni mna simu," mzee akasema, "na bado inarekodi."

Mke wangu akanigeukia taratibu.

"Baba Neema, kumbe ndiyo maana ulisema leo husikii baridi."