Siku Nilipofuta Watoto wa Bi Mwanaidi

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, sina wa kumsingizia. Bi Mwanaidi ni mkunga mstaafu wa Kisarawe, nami nilimtengenezea programu ya kutunza majina ya watoto aliowapokea walipozaliwa, maana madaftari yake yalikuwa yanaliwa na mchwa. Kila Jumamosi alikuja kwangu Visiga, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, na daftari likiisha analichoma, mchwa wasihamie kwenye mengine (mimi ndiye niliyemwambia, "Choma tu, Bibi, humu ni salama").

Sasa programu yenyewe ilikuwa kwenye kontena, yaani kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji, na kontena yenyewe ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza iliyomo ndani ya kompyuta yangu; ukiifuta, na vilivyomo vimekwenda. Asubuhi ya siku tuliyopanga kuwaonyesha kina mama aliowazalisha ikagoma, nafasi imejaa. Mwenye akili angefuta sinema zake. Mimi nikaifuta mashine pepe, nikaunda nyingine kubwa zaidi, nikairudisha programu humo, nikiamini majina yamehifadhiwa nje yake (sikuangalia, niliamini tu, ujuaji huo).

Ukumbini Kisarawe kina mama walijaa, wengine na watoto wao watu wazima. Bi Mwanaidi, kanga mpya, akamwita mama mmoja aje aone jina la mwanawe ukutani, kwenye mwanga wa projekta. Nikatafuta, hakuna. Nikatafuta la mwingine, hakuna. Nikafungua orodha nzima, ukuta mweupe, na huko nyuma watu wakaanza kucheka.

Bibi akaniinamia. "Mjukuu wangu, nimebonyeza vibaya wapi?"

Nikabonyeza tena "tafuta".

Akawageukia watu. "Nisameheni, jamani. Uzee huu. Nimeharibu mimi."

Nami nikamwacha aseme, nikajifanya nakunja nyaya.

Nilimweleza ukweli nje, watu wameshatawanyika. Hakunifokea. Alikaa kwenye ngazi, akavua viatu, akasema, "Ungesema mle ndani."

Siku hizi sifuti kitu kabla sijafungua nakala yake nikaiona kwa macho, hilo nimejifunza, ila ndilo dogo. Wiki iliyofuata nilirudi kukiri mbele ya wale kina mama. Walikuja tisa. Wengine wote mpaka leo wanajua mkunga wao alizeeka, akaharibu kazi yake kwa mkono wake, na wanamwonea huruma.