Gari Jekundu la Dodo na Magunia ya Séraphin

Ukitaka Dodo atoke mbio nyumbani kwako, mwambie asante. Séraphin, fundi wa magari wa hapa Kolwezi, alilijua hilo vizuri. Zamani wote wawili walikuwa wachimbaji wa shaba kwenye mashimo ya upande wa Fungurume. Siku shimo lilipoporomoka, Séraphin alifukiwa pamoja na kijana mwingine, Gael. Dodo aliteremka akachimba kwa mikono mpaka akamtoa Séraphin akiwa hai. Gael alitolewa baadaye, ameshakufa.

Tangu hapo Séraphin amepata mke, binti aitwaye Jémima na karakana yenye bati lisilovuja, na yote hayo anayahesabu kuwa ni zawadi ya mikono ile. Lakini jaribu kumwambia mwenyewe! Bukari, yaani ugali, ya Mignonne, mke wa Séraphin, Dodo anakula, na mchuzi anaongezewa. Neno la shukrani likianza tu, anatafuta viatu vyake.

— Mama Jémima, wacha ile maneno, humwambia Mignonne. Nitachelewa kazi.

Na siku yenyewe ni Jumapili, kazi gani?

Basi Dodo, ambaye sasa ni dereva wa lori, aliponunua gari dogo jekundu la michezo, Séraphin alifurahi kuliko mwenye gari. Hatimaye alipata asante ambayo mtu yule hawezi kuikataa: kumtengenezea gari hilo.

Gari lenyewe lilikuwa na tabia zake. Injini haikukaa mbele kama kwa magari yenye adabu. Ilikaa katikati, nyuma ya mgongo wa dereva. Dodo alitaka kulisereresha kwenye onyesho la magari la Jumapili: kuliachia liteleze kiubavu, matairi yakitoa moshi, huku yeye akilizuia kwa usukani. Gari la namna hiyo halipendi mchezo huo. Mkia wake ukianza kwenda, unakwenda moja kwa moja, nalo huzunguka kama pia.

Séraphin aliingia kazini kwa moyo wote. Alichomelea gia za nyuma ili magurudumu mawili yazunguke pamoja. Alirekebisha usukani ili yale ya mbele yakunje zaidi. Alilegeza springi za nyuma. Kisha, akipiga mluzi, akafanya jambo ambalo kila dereva wa njia ya Kisenge hulifanya wakati wa mvua: akapakia magunia ya mchanga nyuma ili matairi yaume ardhi. Pikapu zote za huku hutoka matopeni kwa dawa hiyo. Nani angeitilia shaka?

Jumamosi walikwenda kulijaribu kwenye uwanja wa saruji nje ya mji, palipokuwa maegesho ya malori. Dodo alikaza kofia yake ngumu, akaingia kona, akavuta breki ya mkono. Mkia ukatoka. Ukaendelea kutoka. Gari likazunguka, likazunguka tena, likarudi kinyumenyume na kusimama umbali wa mkono mmoja tu kutoka kontena la chuma.

Séraphin alilikimbilia. Mtu aliyempa uhai, naye kamtengenezea jeneza jekundu!

— Toka! Toka mu motokari! Kesho hauendi!

— Niko muzima, ndugu.

— Hauendi, minakuambia! Sitaki kukuzika!

Dodo alikuwa ameliota onyesho lile mwaka mzima, lakini hakubishana. Alitoka, akavua kofia, akakaa chini, na hilo lilimuuma Séraphin kuliko matusi. Kwa hasira akashika bampa ya mbele, akainyanyua. Pua ya gari ikapanda kirahisi. Akaenda nyuma, akavuta kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. Hapo akabaki ameinama vilevile. Pikapu ni nyepesi nyuma, ndiyo maana hubebeshwa. Hili tayari lilibeba injini huko, naye akaliongezea mchanga! Alijiita mpumbavu kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiluba.

Wakashusha magunia. Séraphin akafunga vyuma vizito mbele, chini ya boneti, akavikaza kwa bolti, kisha akafungua mlango wa abiria.

— Nitakaa pembeni yako. Kama ni kufa, tukufe bote.

Dodo akaingia kona, akavuta breki. Mkia ukatoka, na safari hii ukangoja. Gari likateleza kiubavu, taratibu, uwanja mzima, Dodo akicheka kwa sauti kama mtoto. Walipokuja kusimama ndani ya moshi, wote wawili wamefungwa mikanda, Séraphin hakuweza kujizuia.

— Aksanti, Dodo. Juu ya ile siku.

Dodo hakuwa na pa kukimbilia. Alikaa akitazama usukani.

— Ile siku nilisikia sauti mbili, akasema. Sikukuchagula. We ulikuwa karibu, njo nilianza na we. Kila mara unasema aksanti, minasikia Gael anaita.

Séraphin hakuwa amelijua hilo. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. Alinyoosha mkono, akaushika ule wa Dodo juu ya breki.

— Basi aksanti juu ulishuka, akasema. Hata kama ungetukuta bote tumekufa, bado ulishuka.

Moshi ulipoisha, Dodo aligeuza kiganja, akaushika mkono wa Séraphin.

— Aya, akasema. Nimepokea.