Wifi yangu aliwapa kuku vidudu vya mutoto wangu, sasa nafuga vingine vya kumulipiza

Adimini, tafazali ficha jina yangu kabisa, juu wifi yangu naye anasomaka ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka makumi mbili na tatu, niko hapa Bunia, na nina mutoto mumoja, binti wa miaka tano. Nitamuita Furaha, lakini si jina yake. Nilisoma mpaka mwaka wa sita wa primeri tu, basi makosa ya kuandika munisamehe.

Kwetu ni upande wa Bule. Watu wenye silaha walipokuja, tulikimbia na nguo za mwilini tu. Mama yangu alibaki nyuma juu ya ugonjwa wa miguu, na hatukumuona tena. Bwana yangu alienda kutafuta kazi Niania, na dada yake, ndiye wifi yangu, akatupokea. Alitupa chumba. Siwezi kukataa hiyo.

Lakini tangu siku ile ya kukimbia, Furaha hakusema tena. Hata "mama" hakusema. Nilimuombea, nilimupeleka kwa daktari, wapi!

Siku moja niligeuza ubao uliooza nyuma ya nyumba, tukakuta vidudu vya kijivu, miguu mingi, mugongo wa magamba. Ukivigusa vinajikunja kama kidonge. Furaha akacheka. Nyinyi hamujui ile kicheko ilinifanya nini. Nikavitia katika basini ya zamani, pamoja na udongo, majani makavu na maganda ya mayai yaliyosagwa. Upande mumoja naulowanisha, mwingine naacha mukavu, juu vikikauka vinakufa na vikizama vinakufa pia. Nikajifunza polepole, kwa macho yangu tu. Nikaona mama yao anabeba mayai chini ya tumbo, ndani ya kamufuko ka maji, mpaka watoto wanatoka weupe, wadogo kama chumvi.

Kisha kati ya wale wa kijivu akazaliwa mumoja wa rangi ya mawese. Alikuwa anang'aa! Nikamutenga pamoja na ndugu zake wachache ili wazae, watoto wao nao nikawatenga. Kila mara wa kijivu naweka kando, wa mawese nabakiza. Zaidi ya mwaka nilifanya vile, mpaka basini nzima ikawa ya mawese, na wengine wana madoa meupe. Majirani walikuwa wanakuja kuangalia.

Na ni pale Furaha alisema. Aliweka kidole juu ya yule mukubwa wa mawese akasema, "Tate." Tate ni bibi yake, mama yangu. Siku tunakimbia alikuwa amevaa kikwembe cha rangi ile. Nililia mpaka nikakaa chini. Kuanzia hapo akawapa wote majina ya watu wa kwetu waliobaki kule, akawa anawasalimia asubuhi mumoja mumoja.

Wifi yangu akasikia. Akanisimamia mulangoni, mikono kiunoni.

"Weye mama Furaha, mutoto wako anaita wafu kwa majina ndani ya nyumba yangu?"

"Dada, anacheza tu."

"Anacheza! Nilikupa chumba, sikukupa makaburi."

Alhamisi nilienda soko. Kurudi, basini iko imegeuzwa kiwanjani, kuku wanadonoa, Furaha amesimama pale na hasogei. Wifi anafagia, anatabasamu. "Kuku wamekula nyama leo," akaniambia. "Utanishukuru. Nimekuondolea pepo." Mutoto wangu akafunga mudomo tena. Sasa ni miezi tano tangu siku ile.

Chini ya ganda la mti lililorushwa pembeni ya ukuta nilikuta wa mawese watatu, mumoja ana mayai. Nikawaficha ndani ya kopo chini ya kitanda. Lakini nilifanya na kitu kingine, na ndiyo sababu naandika.

Wifi yangu anaishi kwa feza ya pepinieri, kitalu chake cha miche ya shu, ni kusema kabichi. Mistari yake imenyooka, anaipenda kuliko watu. Na mimi najua vidudu vyangu: muche ukiwa na majani mawili tu, mulaini, wanaukata usiku mumoja. Basi nikakusanya wa kijivu nyuma ya nyumba, chini ya mbao, kule nilikuwa nawatupa. Nikawalisha vizuri, maganda ya viazi na ya mayai, majani. Wamejaa basini mbili, nimezificha chumbani. Mimi ambaye nilikuwa natupa wa kijivu, leo nawanenepesha kwa kazi moja: niwamwage usiku kwenye shu zake. Kila siku nikimuona anamwagilia shu zake huku anaimba, namujibu ndani ya roho: imba tu, dada, imba.

Juzi miche imetoa majani mawili.

Na jana, tulipofika nyumbani toka kanisani, nikamukuta Furaha amefunua basini moja ya kijivu. Nikaogopa. Ameshika kidudu kimoja katika kiganja. Akaniangalia, akasema, kwa sauti kama ya mutu aliyeamuka:

"Shangazi."

"Nini?"

"Huyu ni Shangazi."

"Shangazi, juu ya nini?"

"Juu iko anaogopa. Nikimugusa anajikunja."

Akakirudisha taratibu, akakifunika na jani.

Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba hasira ilitoka. Iko. Yule mwanamuke hajaniambia hata siku moja "nisamehe", na leo asubuhi tena amepita na ndoo yake ya kumwagilia, anaimba. Ninataka aone mistari yake mitupu, asimame pale vile mutoto wangu alisimama. Lakini nikivimwaga vidudu atajua, ataleta kuku wavidonoe tena, na Furaha sasa anajua ni nani iko ndani.

Miche itakuwa migumu baada ya wiki moja. Basini ziko karibu na mulango. Wamama wenzangu, ingekuwa mutoto wenu, mungemwaga ao mungeacha? Nishaurini mbele shu hazijakomaa.