Tangazo la Tatu la Perez

Kwa zaidi ya miaka ishirini Perez Amolo alikaa benchi la mwisho katika kanisa letu la Obunga, na si kwa sababu ya kuchelewa. Alifika kabla ya kila mtu, akafagia, akapanga mabenchi, kisha akaenda kukaa nyuma ya wale aliowapangia. Ndiyo iliyokuwa desturi kwa mwanamke aliyeishi na mume bila ndoa ya kanisani. Hakukaribia Meza ya Bwana wala hakufunga kile kitambaa cheupe cha Umoja wa Akina Mama. Kwamba mahari ilikwisha kufika kwao Asembo zamani, na kwamba alikuwa na wajukuu, hayo hayakuhesabiwa.

Mume mwenyewe alikuwa Joram, fundi wa baiskeli. Hakuwa mtu mbaya. Hakulewa, hakumpiga mtu, na alikuja kanisani sikukuu zote. Ila ukimtajia harusi, alikumbuka kwamba kuna gurudumu la mtu linamngoja. Mara alisema harusi ni ya vijana. Mara alisema hana suti. Akina mama wakamtafutia suti, akasema hana miguu ya kuingia katika suti hiyo. Wakamkatia, akasema sasa ni fupi.

Perez hakununa. Aliuza mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu ya kupeleka Ulaya, na alipokuwa akiikaanga kando ya njia aliwaambia wateja, "Mzungu alichukua nyama tu. Sisi tuliachiwa samaki mwenyewe: kichwa, mkia na akili." Watu walicheka wakanunua. Mimi, niliyekuwa nikipita hapo jioni nikitoka shuleni kufundisha, nilijua kwamba akirudi nyumbani hucheka kidogo zaidi kuliko hapo.

Kisha ukaja ule mwaka wa mvua isiyokoma. Vyoo vya Obunga vilijaa vikamwagikia njiani, na kipindupindu kikaingia. Kati ya waliokwenda mapema alikuwa Beldina, jirani yake Perez, ambaye naye alikuwa mtu wa benchi la mwisho. Tulimzika kwao upande wa Kombewa. Umoja wa Akina Mama walifika, maana walimpenda, lakini kwa kuwa hakuwa na ndoa hawakuvaa vitambaa wala hawakumwimbia. Walisimama tu karibu na ua, kama watu waliopotea wakija kwenye msiba mwingine.

Siku hiyo Perez alirudi nyumbani akamwambia Joram maneno machache. Hayo maneno siyajui. Ninachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata Joram alikwenda kwa katekista wetu, Laban Shitanda, akasema amekubali. "Lakini nimekubali mara moja," akaongeza. "Ikiharibika, isiwe mimi niliyeharibu."

Kwa sheria ya kanisa letu, ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo mbele ya ushirika, ili mwenye kizuizi aseme. Ukiruka Jumapili moja, unaanza upya. Tangazo la kwanza likasomwa. La pili likasomwa. Katikati ya juma, kabla ya la tatu, bwana afya akaja Obunga na baiskeli yake na ndoo ya dawa. Alisema hatafunga kanisa lolote. Kila kanisa liamue lenyewe. Ila akatuambia tukumbuke kwamba watu wakisongamana, wakipeana mikono na kunywa kikombe kimoja, ugonjwa nao unahudhuria ibada.

Tangu saa hiyo Joram akawa mtu mwingine. Mtu ambaye alikuwa akila mchana na mikono yenye mafuta ya mnyororo sasa alisimama kando ya baiskeli za watu akihubiri usafi. "Mikusanyiko ni hatari sana," alimwambia kila aliyeleta pancha. "Serikali imesema! Kanisa ifungwe mwezi mbili, tatu. Hata nne si mbaya."

Perez alimsikia kutoka kwenye karai lake la mafuta. "Joram! Miaka hiyo yote sijakuona ukinawa hata uso. Leo wewe ndiye bwana afya?"

"Nyar Asembo, mimi najali uhai wa watu," akajibu, akimwita binti wa kwao, kama alivyofanya kila alipotaka kumtuliza.

"Uhai wa nani? Huyo mtu ako na jina?"

Baraza la kanisa lilikutana Ijumaa alasiri. Mimi nilikuwa mwandishi wake. Tulikuwa watu kumi katika chumba cha kuhifadhia mabenchi mabovu, magoti yakigusana, kuamua kama ni hatari watu kukaa karibu karibu. Tulipoingia tulisalimiana kwa mikono, mmoja mmoja, kila mtu na kila mtu, kama kawaida. Shitanda alikuwa mtu mwangalifu, aliyehamia Kisumu kutoka Butere na kuishi kwa sheria kuliko kwa ugali. Aliweka beseni la maji ya dawa mlangoni. Tulinawa sote. Kisha tukapeana mikono tena, sasa ikiwa safi.

Mzee Gordon Oketch, mkubwa wetu kwa umri, alimgeukia katekista akaanza. "Mimi nauliza, Mwalimu. Mungu anaweza kushikwa na kipindupindu?"

"Hapana, Mzee," akasema Shitanda.

"Basi kwa nini tunamkimbia?"

"Hatumkimbii yeye. Tunakimbiana."

"Na wale wa kanisa la ngoma, hapo ng'ambo ya mtaro? Wamefunga?"

"Hawajafunga."

"Ndiyo hiyo! Tukifunga sisi, hao watakula kondoo zetu zote. Kipindupindu itaondoka, tufungue mlango, tukute ni mimi na wewe na mabenchi."

Dorca, mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, alikuwa mwanamke aliyenyooka kama mwiko. "Mzee," akasema, "juzi tulimpeleka Beldina. Unataka tumpeleke nani tena ndiyo uridhike kwamba kondoo wako wamebaki?"

Kisha tukapiga kura kwa kuinua mikono, na kanisa likafungwa mpaka ugonjwa upoe. Tukakubaliana vilevile kwamba kupeana mikono ni marufuku. Mzee Gordon alifurahi sana kwamba angalau tumekubaliana jambo moja, hata akainuka akatupa mkono sote.

Hapo ndipo Perez alipoingia. Hakuwa mjumbe. Alikuwa amekaa nje ya mlango na karai lake, na nadhani alikuwa amesikia kila neno.

"Mimi sipingi," akasema. "Nimemwosha Beldina na mikono hii, ugonjwa huo naujua. Mfunge. Lakini tangazo langu?"

Shitanda akakuna kichwa. "Mama, tutaanza upya tukifungua. Moja, mbili, tatu."

"Mwalimu, unamjua Joram?"

"Namjua."

"Joram unayemjua atakubali mara ya pili?"

Hata Dorca aliangalia ukuta.

"Nimekaa benchi ya nyuma mpaka naijua misumari yake," Perez akasema, na sauti yake ya sokoni ikamwacha. "Sasa kila asubuhi naamka najipapasa tumbo, nauliza kama ni leo. Nikienda hivi, nyinyi akina mama mtasimama karibu na ua. Mimi naomba tu kitu kimoja nijue. Hiyo tangazo inataka paa, ama inataka watu?"

Shitanda alifungua kitabu chake cha ibada akasoma kimyakimya, midomo ikicheza. Alisoma kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Inataka ushirika usikie."

"Basi inataka masikio," Perez akasema. "Masikio tunaweza kukaa nayo nyumbani."

Na ndivyo ilivyopitishwa. Kila mtu angekaa mlangoni pake. Kanisa letu liko mahali palipoinuka kidogo, nyumba zikilizunguka. Mzee Gordon angeleta vile vipaza sauti vya mpwa wake, vinavyokodishwa matangani, na Shitanda angesoma ibada fupi na lile tangazo akiwa peke yake uwanjani. Mzee Gordon alipoelewa kwamba na wale wa ngoma watalazimika kutusikia, akawa mtu wa kwanza kuunga mkono.

Jumapili ilipambazuka bila mvua. Vipaza sauti vilipanda juu ya mkokoteni, vikapiga mlio mmoja ulioamsha Obunga nzima, hata wale ambao kwa desturi Jumapili huanza kwao saa sita. Tulikaa milangoni kwenye vigoda, tumevaa nguo za ibada. Perez alikaa mlangoni pake. Joram alikuwa pembeni yake, ameishika baiskeli ya mtu, akijifanya kuangalia breki.

Shitanda aliomba, akasoma zaburi, kisha akakohoa. "Natangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho ndoa kati ya Joram na Perez Amolo, wote wa ushirika huu. Kama yupo ajuaye kizuizi chochote cha haki, kwa nini hawa wawili wasiunganishwe, na aseme sasa."

Ndani ya kanisa, baada ya maneno haya watu huangalia viatu vyao, na katekista hugeuza ukurasa. Sote tulilelewa hivyo; tunajua swali hilo haliulizwi ili lijibiwe. Lakini Obunga haikuwa imelelewa hivyo. Obunga ilikuwa imeulizwa swali, kwa kipaza sauti, na ikajibu.

"Kizuizi ni huyo bwana mwenyewe!" mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka kisimani.

"Wachaneni na mama wa watu, awapikie samaki!"

"Kwani hawa hawajaoana? Si hao ni shosho na guka, wako na wajukuu?"

Vicheko vikaruka kutoka mlango hadi mlango. Kisha, ng'ambo ya mtaro, akasimama Wakhisi, mchoma makaa, ambaye hajawahi kuingia kanisa lolote. Aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Mimi napinga!"

Shitanda, mtu wa sheria, alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Pingamizi limetolewa, na pingamizi lazima lisikilizwe. "Sema kizuizi chako, ndugu," akasema, na sauti yake ikaenda hadi reli.

"Huyo mama ako na bwana tayari!"

Obunga ikavuta pumzi. Dorca, jirani yangu, akashika kichwa.

"Bwana gani?" Shitanda akauliza.

"Si Joram! Anaolewaje tena na bwana ako hapo?"

Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka. Lakini Shitanda hakucheka. Nilimwona akifungua kitabu, akikifunga, akikifungua. Mwanamke mwenye mume hawezi kuolewa, hilo limeandikwa. Kama mume huyo ndiye bwana arusi, kitabu hakikusema. Mwishowe akafanya lililo haki: akamwita Joram aje ajibu.

Joram aliegemeza baiskeli ukutani. Nilidhani atakimbia, njia ilikuwa wazi hadi barabara kuu. Sijui kama yeye mwenyewe alijua atafanya nini. Perez hakumtazama. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, akiangalia matope, na uso wake ulikuwa ule aliokuwa nao Kombewa, tukimzika Beldina.

Joram akapanda polepole hadi kanisani, akasimama hatua nyingi kutoka kwa Shitanda kama bwana afya alivyoagiza, kisha ikabidi asogee kupokea kipaza sauti.

"Baba yangu," akaanza, akashtuka kusikia sauti yake ikimrudia kutoka pande zote. "Baba yangu alifunga ndoa ya kanisa Ijumaa, akiwa kitandani. Kasisi alikuja hapo kitandani. Jumapili akafa. Ndugu yangu mkubwa, vilevile. Sisi kwetu mtu akiletewa pete, anajua imeisha. Sasa huyu mama ananiambia harusi, harusi, na watu wanakufa kila nyumba. Mimi ninaogopa, yawa. Ni hiyo tu."

Nilifikiri jinsi watu wawili wanavyoweza kulala miaka yote hiyo kwenye godoro moja, wakiogopa kitu kilekile, mmoja akikimbilia kanisani na mwingine akilikimbia.

Perez alisimama. Yeye hakuhitaji kipaza sauti.

"Joram! Kumbe ni hiyo?"

"Ni hiyo."

"Baba yako alikufa kwa sababu alikuwa mgonjwa! Pete ilimkuta hapo kitandani, si yeye aliyeikuta!"

Joram alifikiri. Obunga nzima ilimngoja afikiri.

"Nikifa?" akauliza.

"Nitakuzika na kitambaa kichwani. Tena nitaimba. Sasa jibu mtu wa watu, makaa yake inaungua."

Joram akageukia mtaro. "Wakhisi, umesema kweli. Huyo bwana ni mimi. Mimi ndiye wa jana na ndiye wa harusi Jumamosi." Akamrudishia Shitanda kipaza sauti, na kwa kuchanganyikiwa akampa mkono. Shitanda akaupokea, kisha akakimbilia beseni.

Harusi ilifanyika Jumamosi hiyo, milango na madirisha yote wazi, ndani wakiwa kasisi, mashahidi wawili na Dorca mwenye kitambaa kipya mkononi. Sisi tulisimama nje uwanjani, tumeachana kama mahindi yaliyopandwa vizuri. Hakukuwa na chakula, na kwa watu wa ziwa harusi bila chakula ni mkutano tu. Mzee Gordon alilalamika njia nzima. Lakini Dorca alipotoka na Perez kichwa kikiwa cheupe, akina mama waliimba, kila mmoja mahali pake, na sauti hazikujali umbali.

Jumapili Joram hakutoka kitandani. Alilala chali, mikono juu ya kifua, suti fupi ikining'inia kwenye msumari. Perez alimletea uji, akaunywa akiwa vilevile, kwa uangalifu. Alikataa kugeuka. Jumatatu asubuhi tulisikia, majirani wote, sauti ya Perez ikipita ukutani:

"Jumapili imeisha, bwana. Inuka, watu wanataka baiskeli zao."

Baada ya muda mlango ukafunguka. Joram akatoka, akasimama juani akiwa amefumba macho, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.